Famicom na NES: jinsi ya kulinganisha maumbo yake

Mashine hizi mbili za gemu za TV, za kampuni ya Nintendo, ni ndugu wa tumbo moja. Famicom ilitoka Japani mwaka 1983, NES ikaingia Marekani mwaka 1985, na gemu nyingi ni zilezile. Ukiziweka mezani pamoja, acha rangi kwanza. Anza na mdomo wa kaseti.

Hatua ya 1: Chomeka kaseti. Kwenye Famicom inaingia wima kutoka juu. Kwenye NES unafunua mlango wa mbele, unaisukuma ndani, kisha unaibonyeza chini, kama deki ya video. Ndivyo ilivyokusudiwa: soko la gemu Marekani lilikuwa limeporomoka mwaka 1983 na wenye maduka hawakutaka hata kusikia habari zake, hivyo NES ikavalishwa sura ya deki.

Hatua ya 2: Tafuta gharama ya sura hiyo. Geuza NES, fungua skrubu za chini kwa bisibisi ya nyota, toa kifuniko na bati, ufikie soketi ya pini 72. Hapa usiharakishe. Kila kaseti inapobonyezwa chini, pini hupinda kidogo. Miaka ikipita zinalegea. Chipu ya ulinzi, ile inayokagua kama kaseti ni halali, isipoelewana na kaseti, huiwasha mashine upya kila sekunde, na ndiyo maana taa nyekundu inapepesa. Tafadhali usipulize kaseti: unyevu wa pumzi huleta kutu. Tumia pamba na spiriti. Mwaka 1993 Nintendo wenyewe walitoa NES mpya yenye mdomo juu, na kwangu hilo linamaliza ubishi wa mdomo upi ni bora.

Hatua ya 3: Fungua kaseti ya NES. Utahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Ndani, mara nyingi bodi ni ndogo na nafasi kubwa ni tupu.

Hatua ya 4: Shika padi, yaani kidude cha vitufe cha kuchezea. Za Famicom hazichomoki. Waya zimeingia ndani ya mashine, na padi hulala ubavuni. Ya pili haina vitufe vya Start wala Select, ila ina maikrofoni. Waya ikikatika, lazima ufungue mashine nzima. Za NES unachomoa tu.

Hatua ya 5: Rangi. Plastiki ya zamani hugeuka njano, kwa hiyo chungulia upande wa ndani.

Kama unayo ile TV game ya kuiga iliyouzwa sana kwetu, yenye kaseti za njano, hesabu pini za kaseti. Ukikuta 30 kila upande, umeshika umbo la Famicom.