Mwaridi Unaodhoofika: Anza na Mizizi, Mbolea Iwe ya Mwisho

Mwaridi ukianza kupukutisha majani, wengi hukimbilia mbolea. Mara nyingi hapo ndipo unapomalizwa, kwani mizizi dhaifu huunguzwa na chumvi za mbolea ya viwandani.

Kwanza hakikisha kwamba bado una uhai. Kwaruza gome kwa ukucha, ukianzia juu ukishuka. Pakiwa kijani ndani, pazima. Pakiwa kahawia na pakavu, pamekufa. Ukikuta kijani juu ya kiungio, lile fundo la chini ulipobebeshwa, una cha kuokoa.

Sasa angalia maji. Mwaridi wenye kiu na ule uliozama majini hulegeza majani vilevile, hivyo usiamini macho. Fukua sentimita 10 hadi 15 ushike udongo. Ukiwa mkavu, mwagia lita 10 hadi 15 polepole kwenye shina, mara moja au mbili kwa wiki. Maji kidogo ya kila siku huishia juu tu. Ukinata na kunuka uvundo, chimba shimo la kina cha sentimita 30, umbali wa nusu mita kutoka kwenye mmea, ujaze maji, yakishaisha ujaze tena. Yakiwa yametuama hadi kesho yake, uhamishie mwaridi kwenye tuta lililoinuliwa, penye jua la saa 6 au zaidi kwa siku.

Ndipo uchukue mkasi, mkali na uliofutwa kwa spiriti. Ondoa matawi yaliyokufa, yanayosuguana na membamba kuliko penseli. Kata kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho (pale chipukizi linapoanzia) linalotazama nje, ili katikati papite hewa. Mmea ulio hoi usipunguzwe zaidi ya theluthi ya sehemu iliyo hai, maana majani ndiyo yanayoulisha. Chipukizi lililotoka chini ya kiungio ni la shina mama, yaani mmea wa chini wenye mizizi uliobebeshewa mwaridi: ling'oe kwa kulivuta, usilikate, la sivyo litachipua tena.

Majani yenye madoa meusi yanayogeuka njano yana ukungu. Huo huhitaji jani libaki na maji kwa saa kadhaa ndipo uingie, kwa hiyo mwagilia asubuhi, chini, bila kulowesha majani. Okota yaliyoanguka uyachome. Usiyatie kwenye mboji. Vitone vya njano juu na utando mwembamba chini ni utitiri, mdudu wa joto na ukavu. Piga upande wa chini kwa maji yenye nguvu, asubuhi pia, ili majani yakauke mapema.

Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, zisiguse shina.

Subiri machipukizi mapya yafike urefu wa kiganja, ndipo utie nusu ndoo ya mboji au samadi iliyooza vizuri. Majani machanga yakiwa njano huku mishipa ikibaki kijani, mmea unakosa chuma, kwa kawaida kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Mwaridi hupenda pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 6 hadi 6.5, yaani uchachu kidogo. Usiongeze jivu hapo. Na vitumba vya kwanza vinyofoe, hata kama roho inauma.