Kukadiria Wingi wa Dagaa katika Mkondo wa Pemba

Dagaa wa Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya kisiwa cha Pemba na bara, hukadiriwa kwa sona, yaani ala inayotuma sauti majini na kupokea mwangwi unaorudi kutoka kwa samaki na sakafu. Chora kwanza njia za chombo cha baharini zikiwa sambamba, zikielekea mashariki na magharibi. Rafu ya bara, yaani sakafu ya bahari yenye kina kifupi inayopakana na pwani, ni nyembamba upande wa Tanga, na anayefuata ufuo kwa urefu wake anaweza kushinda kutwa akipima kina kilekile, asijue kilichopo ukingoni ambako sakafu hushuka ghafla hadi mamia ya mita. Meli kubwa kama Dr. Fridtjof Nansen, meli ya utafiti ya Norwe iliyopima maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983, haiingii kwenye kina kifupi karibu na miamba. Huko panahitaji boti ndogo yenye sona iliyofungwa kwenye mlingoti ubavuni. Majira mazuri ni ya tanga mbili, kipindi cha upepo mdogo kati ya kaskazi na kusi, kwa kuwa upepo ukivuma sana viputo hujaa chini ya boti na kumeza sauti.

Kabla ya kuanza, sona isahihishwe. Tia nanga mahali palipotulia, kisha ning'iniza chini ya sona, kwa nyuzi tatu za mshipi, tufe la tungsteni kabaidi lenye kipenyo cha milimita 38.1, ambalo nguvu ya mwangwi wake inajulikana. Tufe na mafundo yachovywe kwenye maji ya sabuni kwanza, maana fundo lililoshika hewa hutoa mwangwi wake lenyewe na kuharibu kazi nzima. Shusha pia kipima joto, chumvi na kina. Katika maji ya nyuzi 28 sauti husafiri takriban mita 1,540 kwa sekunde, hivyo sona iliyoachwa ikikokotoa kwa kasi ya mita 1,500 kwa sekunde itamwonyesha samaki wa mita 100 kana kwamba yuko mita 97.

Njia zipitwe mchana, dagaa wakiwa wamekusanyika makundi. Jua likishatua hutawanyika na kupanda, wengine wakawa juu zaidi ya sona yenyewe, nayo haiwaoni. Wale waliobana sakafuni nao hupotea ndani ya mwangwi wa sakafu, na papa na samaki aina ya taa, kwa kukosa kibofu cha hewa, huonekana kwa uhafifu tu.

Kioo cha sona hakitaji jina la samaki, ndiyo maana wavu ni wa lazima. Kodi boti ya wavuvi wa dagaa usiku wa giza, lakini usiyageuze mavuno yao kuwa kipimo cha wingi, kwa kuwa mwanga wa taa zao za kuvulia umewavuta samaki kutoka mbali. Yatumie kujua spishi na ukubwa pekee. Changanya mavuno, jaza ndoo bila kuchagua, tenganisha dagaa mcheli na wengine, kisha pima kila mmoja kuanzia mdomoni hadi kwenye panda la mkia. Urefu huo ndio unaowezesha kugeuza nguvu ya mwangwi kuwa idadi ya samaki. Wavu uliorudi mtupu uandikwe vilevile, pamoja na saa, mahali na kina, kwa sababu usipoandikwa, makadirio yatajengwa juu ya mahali palipokuwa na samaki tu.