Pima kiuno, si kilo tu

Wenye presha na mwili mkubwa, msitegemee mizani pekee. Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na matumbo, ni hatari zaidi kwa moyo kuliko ya mapajani. Tepu ya fundi wa nguo pale Kibuye, Kisumu, inatosha. Pandisha shati, tafuta katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, pima. Ukivuta tumbo ndani unajidanganya. Saizi ya suruali nayo haihesabiki, wengi huifunga chini ya kitambi! Kiuno kisifike nusu ya urefu: mwenye sentimita 170 abaki chini ya 85. Kikizidi, mwambie daktari siku ya kliniki, na dawa za presha usiache.