Kifaa Kinachomtii Fundi: Mwongozo kwa Watengenezaji wa Vifaa vya Sauti na Video vya Nyumbani

Kifaa cha sauti au video kinapoingia katika nyumba yenye mfumo wa pamoja wa udhibiti, hakiendeshwi tena na mkono wa mwenye nyumba. Huendeshwa na kidhibiti kikuu, kama vile cha Crestron, Control4, Savant au RTI, ambacho hakina macho ya kuona taa ya mbele ikiwaka wala masikio ya kusikia kama muziki unatoka. Kidhibiti hicho hujua mambo mawili tu: amri kilizotuma na majibu kiliyopokea. Mwongozo huu unawahusu wahandisi na wabunifu wa amplifaya, runinga, projekta na vicheza muziki, na unasimama juu ya sharti moja, kwamba kila amri iwe na maana moja isiyobadilika na kifaa kiseme hali yake bila kubahatisha. Kifaa kinachotimiza sharti hilo, fundi anayefunga mifumo hii atakipendekeza tena kwa mteja mwingine. Kisichotimiza, hata kiwe na sauti tamu kiasi gani, atakikwepa.

Amri za moja kwa moja

Anza na kuwasha na kuzima, kwa kuwa hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Rimoti nyingi huwa na kitufe kimoja kinachowasha kifaa kikiwa kimezimwa na kukizima kikiwa kimewashwa. Kwa mtu aliyeketi mbele ya runinga hilo halina shida, maana anaona kinachotokea. Sasa fikiria kitufe kimoja cha ukutani kilichopangwa kuwasha runinga, amplifaya na kisimbuzi kwa pamoja. Kama mtoto alikwisha kuiwasha runinga kwa rimoti yake ya kiwandani, kitufe hicho kitaizima runinga huku kikiviwasha vingine viwili, na tangu hapo mfumo mzima utakwenda kinyume mpaka mtu aingilie kati kwa mkono. Fundi atapigiwa simu, atasafiri, na atakuta hakuna kilichoharibika.

Dawa yake ni kuweka msimbo mmoja wa kuwasha tu na mwingine wa kuzima tu, ambao ukitumwa mara kumi matokeo ni yale yale. Fanya hivyo pia kwa vyanzo: HDMI 1 iwe na msimbo wake na HDMI 2 wake, badala ya kitufe kinachozunguka kutoka chanzo hadi chanzo. Fuata utaratibu huo huo kwa aina za usindikaji wa sauti, kunyamazisha na kurudisha sauti, na ukubwa wa picha. Misimbo hii haihitaji vitufe kwenye rimoti iliyomo ndani ya kasha. Inatosha iwemo katika programu ya kifaa na itangazwe kwenye hati, ikiwezekana katika Pronto, muundo wa kuandika misimbo ya rimoti kwa namba za heksadesimali (za msingi wa 16), ambao programu za udhibiti huusoma bila matata. Ni vigumu kuona kisingizio cha kutokufanya hivi, kwa kuwa gharama yake kiwandani ni ndogo mno.

Palipo na infraredi, yaani miale isiyoonekana ambayo rimoti hutumia kutuma amri, weka pia jaki ya milimita 3.5 nyuma ya kifaa. Bila jaki hiyo fundi hulazimika kubandika kitoa miale kidogo mbele ya kioo cha kifaa kwa gundi, na gundi huachia kwa joto la kabati. Andika kwenye hati kama jaki inapokea ishara iliyobebwa juu ya wimbi la takriban kHz 38 au ishara iliyokwisha kuondolewa wimbi hilo, pamoja na volti zake. Fundi asiyeelezwa jambo hilo hulitafuta kwa kujaribu, na kujaribu kwa volti zisizofaa kunaweza kuunguza sakiti.

Mazungumzo ya pande mbili

Infraredi huamuru lakini haisikilizi. Kwa hiyo kifaa chochote chenye hadhi ya kuwekwa na mtaalamu kinahitaji njia ya kujibu, iwe ni RS-232, yaani kebo inayopitisha data biti moja baada ya nyingine, au mtandao wa IP, na ikiwezekana zote mbili. Kwa RS-232 mambo ya kueleza ni machache lakini hayakosekani: kasi, kwa mfano biti 9600 kwa sekunde, muundo wa biti 8 za data, bila biti ya usawa, na biti 1 ya kusimama, pini za kutuma na kupokea, na kama kebo inayotakiwa ni ya moja kwa moja au ya kupishana. Pini za 2 na 3 zikipishana pasipotakiwa, hakuna kitakachosikika, na hakuna ujumbe wa kosa utakaomweleza fundi sababu.

Mfano mzuri wa itifaki iliyofikiriwa, yaani kanuni za mazungumzo kati ya vifaa, upo tayari katika ulimwengu wa projekta. PJLink, itifaki ya kudhibiti projekta kupitia mtandao, hupita kwenye poti 4352 ya TCP. Kidhibiti kikituma amri ya kuwasha, yaani %1POWR 1, projekta hujibu kwamba imeipokea. Kikiuliza hali kwa %1POWR ?, jibu huwa 0 kwa iliyozimwa, 1 kwa iliyowaka, 2 kwa inayopoa na 3 kwa inayopata joto. Hizo namba mbili za mwisho ndizo zenye thamani kubwa. Projekta yenye taa inayopoa kwa kawaida haikubali amri ya kuwashwa, na kidhibiti kisichojua hivyo kitaendelea kuipigia kelele bure, au kitamwonyesha mwenye nyumba kwamba sinema iko tayari huku ukuta ukiwa mweusi. Kwa hiyo usiishie kwenye majibu ya ndiyo na hapana pale ambapo kifaa chako kinapita katika hali za kati. Zitaje zote, na useme kila moja huchukua muda gani kwa kawaida.

Kifaa kiseme pia bila kuulizwa. Mtu akizungusha kitufe cha sauti cha mbele, kitume kiwango kipya saa ile ile, ili mstari ulio kwenye skrini ya ukutani usonge pamoja na mkono wake. Kisipofanya hivyo, kidhibiti hulazimika kuuliza kila baada ya sekunde chache, mtandao hujaa maswali, na bado jibu huchelewa. Amri isiyowezekana nayo ijibiwe kwa sababu, kwa mfano kwamba chanzo hicho hakipo au kifaa bado kinaamka. Ruhusu zaidi ya muunganisho mmoja kwa wakati mmoja, kwa kuwa nyumba moja huweza kuwa na kidhibiti kikuu, programu ya simu na kompyuta ya fundi, na kifaa kinachokubali mgeni mmoja tu humfungia mlango fundi aliyekuja kukitengeneza.

Kuna mambo mawili ya mtandao yanayosumbua kuliko yanavyostahili. La kwanza ni kutegemea seva ya mbali. Amri ya kuongeza sauti katika sebule isilazimike kutoka nje ya nyumba na kurudi. Intaneti ikikatika, udhibiti wa ndani uendelee. La pili ni usingizi mzito. Ili kupunguza matumizi ya umeme, vifaa vingi huzima poti ya mtandao vikizimwa, na amri ya kuviwasha kupitia IP haifiki kamwe. Hakuna ubaya kuuacha mpangilio huo kama ulivyo kwa mnunuzi wa kawaida, mradi fundi aweze kuubadilisha kwa hatua moja iliyoandikwa wazi, na usirudi ulivyokuwa baada ya sasisho. Wake-on-LAN, yaani ujumbe wa mtandao unaoamsha kifaa kilicholala, husaidia, ila huhitaji anwani ya MAC, namba ya pekee ya kifaa kwenye mtandao, ijulikane, kwa hiyo ichapishe nje ya kasha na nyuma ya kifaa. Fundi hupanga anwani za vifaa vyote ofisini kabla hajafungua sanduku hata moja.

Kuhusu nywila, zama za kutumia neno moja kwa vifaa vyote zimekwisha. Sheria ya jimbo la California iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 hutaka kila kifaa kiwe na nywila yake ya pekee au kimlazimishe mtumiaji kuweka mpya, na Uingereza ilipiga marufuku nywila za pamoja kuanzia tarehe 29 Aprili 2024. Chapisha nywila hiyo kwenye kibandiko ambacho fundi anaweza kukipiga picha kabla ya kufunga kifaa ukutani. Kibandiko kilichofichwa nyuma ya runinga ya inchi 85 iliyokwisha kupachikwa ni sawa na kutokuwapo.

HDMI na ugomvi wa mabwana wawili

HDMI inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa ndani ya kebo moja hupita picha, sauti, ulinzi wa nakala na amri. Amri hizo, ziitwazo CEC, hupita kwenye pini ya 13 na huwezesha runinga kuiwasha amplifaya au kicheza filamu kuipokonya runinga chanzo chake. Katika nyumba isiyo na kidhibiti kikuu CEC ni msaada mkubwa. Pale penye kidhibiti, huwa ni bwana wa pili, na kila kimoja hutengua alichofanya mwenzake: kidhibiti kinaizima runinga, kicheza filamu kinaiamsha.

Mpe fundi uwezo wa kuizima CEC kabisa, na uwezo wa kuzima sehemu yake, kwa mfano kuzuia kuwasha na kuzima huku sauti ikiendelea kudhibitiwa. Angalia hasa urudishaji wa sauti kutoka kwenye runinga. Njia ya awali ya kazi hiyo, ARC, huitegemea CEC ili ianze kazi, lakini toleo lake jipya, eARC, iliyokuja na HDMI 2.1, ina njia yake ya kutambuana na haiihitaji CEC. Kifaa kinachozima eARC kwa sababu tu CEC imezimwa kimeunganisha mambo mawili yasiyopaswa kuunganishwa, na humlazimisha fundi kuchagua kati ya sauti bora na utulivu wa mfumo.

Upande wa picha, weka ukurasa wa taarifa unaoonyesha kinachoingia na kinachotoka: ubora wa picha, kasi ya fremu, aina ya HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi), toleo la HDCP, yaani ule ulinzi wa nakala, na muundo wa sauti. Fundi anayeona kwamba HDCP 2.2 inaingia na upande wa pili kuna skrini isiyoitambua atajua tatizo liko wapi kwa dakika moja. Mwachie pia njia ya kuishikilia EDID, yaani maelezo ambayo skrini huyatuma kwa chanzo kusema inaweza kuonyesha nini, ili chanzo kisishushe ubora kila skrini moja ya nyumba inapozimwa. Andika kando ya kila tundu kasi linayoipokea, maana HDMI 2.0 hufikia gigabiti 18 kwa sekunde na 2.1 hufikia 48, na matundu ya kifaa kimoja mara nyingi hayalingani.

Umbo

Hapa maelezo ni mafupi. Raki ya kawaida, yaani fremu ya kufungia vifaa kimoja juu ya kingine, ina upana wa inchi 19, sawa na milimita 482.6, na kimo chake huhesabiwa kwa vipimo vya U vya milimita 44.45 kila kimoja. Taja kimo cha kifaa bila miguu, miguu iweze kufunguliwa, na masikio ya raki, yaani vipande vya pembeni vya kukifungia, yapatikane. Kina kitajwe pamoja na plagi zilizochomekwa, si kasha tupu. Kebo ya umeme iwe ya kuchomoka. Onyesha hewa inaingia wapi na kutoka wapi. Jambo dogo lenye kuleta shukrani nyingi ni kuchapisha majina ya matundu mara mbili, mara ya pili yakiwa yamegeuzwa juu chini, kwa kuwa fundi mara nyingi huchungulia nyuma ya kifaa akiwa ameinamia kutoka mbele na husoma kila kitu kinyume.

Masasisho na hati

Ukishatangaza orodha ya amri, ichukue kuwa ni ahadi. Ongeza amri mpya upendavyo, lakini usibadilishe maana ya iliyopo wala muundo wa jibu lake, kwa sababu draiva, yaani programu inayokifundisha kidhibiti kuzungumza na kifaa chako, iliyoandikwa na mtu mwingine inasoma jibu hilo herufi kwa herufi. Sasisho la usiku lililobadilisha neno moja tu huweza kunyamazisha mamia ya mifumo asubuhi. Mruhusu fundi kuzuia masasisho ya kujiendesha, kuhifadhi mipangilio yote katika faili moja, na kuirudisha kwenye kifaa cha badala.

Hati ya itifaki ipatikane bila kujisajili, iwe na tarehe na toleo la programu inalolihusu, na ionyeshe mfano wa kila amri pamoja na jibu lake halisi. Usiiondoe modeli inapoacha kuuzwa, kwani mfumo wa nyumba hudumu miaka mingi kuliko kipindi cha mauzo.

Kabla kifaa hakijatoka kiwandani, mpe mhandisi ambaye hakushiriki kukibuni, pamoja na hati hiyo pekee, akiunganishe na kidhibiti. Kisha chomoa umeme filamu ikiwa katikati, urudishe, na utazame kama kifaa kinarudi kwenye mtandao kwa anwani ile ile na chanzo kile kile bila mtu kukigusa. Chomoa intaneti. Tuma amri 20 mfululizo bila kupumzika. Washa kifaa kwa mkono na utume amri ya kuwasha. Kila mahali mhandisi huyo alipolazimika kukuuliza, sahihisha kifaa kwanza, na hati iwe ya pili.