Jinsi ya kufuzu Pole Position bila kupasua gari

Oya, Pole Position, hii gemu ya mbio za magari ya kampuni ya Namco ya 1982, ina uwanja wa Fuji kule Japani, na kabla ya mbio unapewa raundi moja ya kufuzu, ukichelewa ndo basi hata mbio huzioni. Anza na gia ndogo, kanyaga mafuta mpaka mwisho, spidi ikipanda tia gia kubwa, usiwahishe maana gari itavuta taratibu sana. Kona ndo zinamaliza watu jamani!! Achia mafuta kidogo kabla hujaingia, ile kona kali rudisha gia ndogo kabisa, ukivutwa nje ukagonga bango gari inalipuka na sekunde zako zimeenda. Madimbwi yakwepe, yanakupunguzia mwendo. Nafasi za kuanzia mbio zipo 8 tu.