Mche wa chupa haupandwi shambani siku uliyotolewa

Mvua zikikaribia tu, simu yangu inajaa picha zilezile: mgomba uliokuzwa maabara ndani ya chupa umekauka, umelalia udongo, na chini yake swali, "Bwana shamba, hii miche ni feki?" Si feki. Umeutoa chupani asubuhi, saa sita mchana uko juani Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Hela imeishia hapo.

Tuelewane mche huu umetoka wapi. Kiinitete, yaani mmea mchanga kabisa, kilicho ndani ya mbegu ya kawaida kina ganda, mara nyingi kina akiba ya chakula pembeni, na mbegu nyingi hukauka na kulala kwanza kabla ya kuota. Cha maabara hakina ganda wala akiba, na hakilali. Kwa mgomba, seli huchukuliwa mara nyingi kwenye maua dume machanga, zikakuzwa kwenye mlo, yaani chakula cha maabara, wenye oksini, homoni ya ukuaji ya mimea. Homoni ikipunguzwa, baadhi ya seli hujipanga kuwa tufe dogo, tufe likarefuka, upande mmoja ukawa chipukizi na mwingine mzizi. Kiinitete cha karoti, ambacho wanasayansi walikieleza hivi mwaka 1958, hupitia umbo la moyo katikati. Mgomba una jani-mbegu moja, haupitii huko. Muda wote huo kiinitete kinalishwa sukari, kwa kawaida gramu 30 kwa lita ya mlo. Miche mingi ya migomba inayouzwa hutokana na ncha ya chipukizi wala si kiinitete, lakini maisha ya chupani ni yaleyale.

Sasa utazame vizuri. Dondoshea tone la maji kwenye jani la mgomba mkubwa: linaviringika na kuteleza, maana jani lina nta. Dondoshea kwenye jani la mche wa chupa: maji yanatapakaa. Nta yake ni kidogo mno, na vitundu vya kupumulia havijajua kufunga. Mizizi ni myeupe, laini, karibu haina vinyweleo. Imekaa kwenye jeli, haijawahi kutafuta maji. Humo chupani unyevu wa hewa unakaribia asilimia 100. Ukiuweka kwenye jua la Februari, unapoteza maji haraka kuliko unavyoweza kunywa.

Kwa hiyo: osha jeli yote kwa maji ya uvuguvugu, yote kabisa, hata ile iliyojificha katikati ya mizizi. Ina sukari, na kuvu wanaipenda. Mizizi mirefu ikate ibaki sentimita 2. Panda kwenye trei yenye vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa, maana makumbi yetu ya pwani yana chumvi. Funika kwa nailoni angavu juu ya fito, na juu ya nailoni weka wavu wa kivuli unaozuia asilimia 70 hadi 80 ya jua. Nailoni peke yake juani inapika miche.

Siku 14 za kwanza usifunue isipokuwa kunyunyiza manyunyu mara mbili au tatu kwa siku. Manyunyu, si kopo! Wiki ya tatu funua jioni kwa muda wa saa moja tu, kisha ongeza kidogo kidogo. Nailoni iondoke mwisho wa wiki ya nne. Nimesema wiki nne. Wapo wanaosikia siku nne, halafu wananipigia simu kulalamika. Jani jipya likifunguka humo ndani, mambo yanakwenda.

Hapo hamishia kwenye viriba, chini ya wavu wa asilimia 50, wiki 6 hadi 8, mpaka mche ufike sentimita 25 hadi 30. Samadi iliyooza vizuri ianzie kwenye viriba, si kwenye trei. Wiki ya mwisho uzoeshe jua kabla ya kwenda shamba.

Jumlisha: wiki 10 hadi 12. Anayetaka kupanda masika yakishika, mwishoni mwa Machi, afungue chupa mwanzoni mwa Januari. Ukifungua Machi, miche itakuwa tayari mvua zimeshaisha na utabeba ndoo mpaka vuli. Kwa vuli, fungua mwishoni mwa Julai.

Maji nayo: visima vingi vya ukanda wa bahari vina chumvi. Yaonje. Yakiwa na chumvi, tumia ya mvua, au ya bomba yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi.

Kama nyumbani huna pa kuweka nailoni na wavu, nunua miche iliyokwisha kukomazwa kwenye viriba. Bei ni kubwa zaidi, lakini wiki hizo mtu ameshakulipia. Na ukichukua ya chupa, usiifunge nyuma ya bodaboda juani. Ibebe kwenye boksi lenye kivuli. Kama hutaifungua leo, iweke chumbani penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, vifuniko vikiwa vimefungwa.