Jinsi ya kukipima kifauongo: kinajifunza au kinajikunja tu?

Wageni ninaowatembeza mashamba ya viungo ya Kizimbani, Unguja, hukigusa kifauongo, ule mmea mdogo wa miiba unaofunga majani, kikajikunja, wakacheka, kisha wakauliza: "Kina akili?" Kujikunja peke yake hakuthibitishi kitu, hata mtego wa panya hufyatuka ukiguswa. Cha kuuliza ni kama kinaweza kuacha kujikunja pasipo na hatari. Mwanasayansi Monica Gagliano na wenzake walichapisha jaribio la namna hiyo mwaka 2014, nalo linafanyika hata barazani.

Hatua ya 1. Chimbua vifauongo vitatu au vinne vichanga, pamoja na bonge la udongo wake. Vina miiba, shika kwa kitambaa. Uvipande kwenye makopo yaliyotobolewa chini.

Hatua ya 2. Viache wiki mbili penye mwanga, pasipo na upepo. Kusi ikivuma usiviweke nje kabisa, maana vitajikunja mchana kutwa na hutajua kipi kimesababisha nini.

Hatua ya 3. Tandika kipande cha godoro. Inua kopo sentimita 15, liachie lishuke wima. Subiri sekunde 5, rudia, mpaka mara 60 kama walivyofanya wao. Mwenzako aandike kila mara: majani yamefunga yote, nusu, au yako wazi.

Mwanzoni yatafunga. Tazama kidundu kilichovimba pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Umeme mdogo hupita ndani ya mmea, chembe za potasiamu hutoka kwenye seli za upande wa chini wa kidundu, maji huzifuata, upande ule ukalegea na kikonyo kikainama. Hakuna ubongo wala mishipa ya fahamu katika kazi yote hiyo. Ukiendelea kuangusha, huenda majani yakaanza kufunguka na kubaki wazi ingawa kopo bado linashuka.

Hatua ya 4. Hii ndiyo watu huiruka, na bila hii umepoteza muda. Majani yakibaki wazi, ama mmea umezoea, ama umechoka. Papo hapo utikise kwa upande. Yasipofunga, huna ushahidi wowote. Yakifunga, basi bado una nguvu za kufunga, ila hauzijali tena zile ajali za kopo. Mbishi atasema mtikiso una nguvu kuliko kuanguka, na hata mmea uliochoka ungeuitikia. Ana haki yake. Kwa hiyo mimi huanza na kitu chepesi: unyoya wa kuku, nikiupitisha kwenye vijani vya nchani.

Hatua ya 5. Viweke wiki nne bila kuviangusha, umwagilie kama kawaida, kisha rudia hatua ya 3. Vile vya Gagliano havikuwa vimesahau baada ya siku 28. Uchovu haudumu mwezi mzima, kwa hiyo vyako navyo vikibaki wazi, mimi nitakubali kwamba vimejifunza. Anayetaka niseme vinafikiri aniletee jaribio jingine.

Ukimaliza, usivipande bustanini. Ni magugu: vitumba vya mbegu zake hung'ang'ania nguo na manyoya ya mbuzi, na vikishaingia kwenye konde la muhogo utavipalilia miaka.